Kava za Pikipiki ya Dada

Nina hasira za karibu. Sijisifii, lakini sifichi, na kujificha nazo nisingeweza, maana Kasulu mjini kila anayenijua anajua. Yule mama anayeuza chai karibu na karakana yangu huwaambia wateja wapya wanitazame kwanza usoni ndipo waseme wamekuja kutengeneza nini. Kwa kawaida hasira zangu hupita upesi. Hizi ninazotaka kuziandika hazijapita, na nimechoka kuzibeba peke yangu.

Mimi ni fundi pikipiki. Kama kuna kitu kinachonichefua katika kazi hii, ni urembo. Vishada vya nyuzi kwenye usukani, vioo vya pembeni vinne kwa mtu asiyetazama hata kimoja, picha ya simba kwenye tangi la mafuta, taa za rangi ambazo kazi yake ni kumaliza betri. Na zaidi ya vyote nazichukia kava za boksi la hewa. Pikipiki inavuta hewa kama wewe na mimi. Chini ya kiti kuna boksi la plastiki, ndani yake sponji la kuchuja vumbi. Hewa ikishapita kwenye sponji inakuwa safi, ndipo inaingia kwenye kabureta na kwenye injini. Boksi hilo halitaki chochote kutoka kwetu isipokuwa kusafishwa. Watu wakaona halipendezi. Wakaleta bati jembamba linalong'aa, lenye matundu yaliyopangwa kama mashavu ya samaki, wanalifunga juu ya boksi na kusema sasa pikipiki imependeza. Bati hilo halizuii vumbi, haliongezi nguvu, halifanyi kitu chochote duniani.

Dada yangu ana pikipiki. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, na mama alipofariki yeye ndiye aliyebaki na mimi. Alinipikia, alinichapa, alinipeleka kwa fundi nikajifunze. Spana zangu za kwanza nilizipata baada ya yeye kuuza mbuzi wake wawili, mbuzi aliokuwa akiwaita kwa majina. Kazi yake ni kuchanja kuku dhidi ya kideri, ugonjwa unaomaliza banda zima. Anazunguka vijiji, Kitanga, Kagerankanda, na vingine huko katikati ambako gari linapita kwa bahati. Kuku mmoja anapata tone moja jichoni, basi. Lakini dawa ile ni lazima ikae kwenye baridi, na boksi lake la barafu halina subira ya siku nzima. Kwa hiyo siku ya chanjo wanawake hawafungulii kuku asubuhi. Wanawaweka kwenye matenga, wanakaa nao wakisubiri mlio wa pikipiki ya dada. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Hana mume, hana mtoto, hana nyumba ya bati ya kumringia mtu. Alichokuwa nacho ni hicho, kwamba akisema atafika, anafika.

Kila Jumamosi ya kiangazi alikuwa analeta pikipiki kwangu. Nilikuwa nafungua boksi, natoa sponji, nalifua kwa petroli, nalikamua, nalipaka oili kidogo na kulirudisha. Vumbi la njia ya Kitanga ni jekundu na laini kuliko unga wa muhogo, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Sikuwahi kumwambia dada ahsante kwa wale mbuzi. Nilikuwa nafua sponji.

Halafu akatokea yule bwana wa Kibondo. Ni mtu wa Tanga kwa asili, alikuja huku na biashara na akabaki. Mke wake alifariki zamani, akamwachia watoto. Ana duka la mapambo ya pikipiki, na ukipita mbele ya duka lake mchana inabidi ukunje macho kwa jinsi vitu vinavyong'aa. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu sisi tunaosema Kiha nyumbani, kila akifungua mdomo ni tafadhali na samahani. Dada alikutana naye alipokwenda dukani kwake kutafuta kioo cha pembeni. Mimi habari za uchumba nilizipata kwa mama wa chai, akinimiminia kikombe, kama vile anazungumzia mvua.

Nilisema simpendi kwa sababu anauza takataka. Nilisema anatoka mbali, hatujui ukoo wake. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Mtu mzima, nina mke na watoto, na nilikuwa na wivu kwa ajili ya dada yangu kama mtoto aliyenyang'anywa sahani.

Asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi bwana huyo alikuja karakana. Nilikuwa nimechuchumaa nafungua klachi ya mteja. Alikuwa amekwapata kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Akasimama mbali kidogo, akakiweka chini, akainama, akapiga makofi taratibu kwa viganja, akaanza, "Mwakeye."

Hapa lazima nieleze. Kwetu salamu si neno, ni shughuli. Unainama, unapiga makofi, unamshika mwenzako mikono, unamuuliza alivyolala, walivyolala watoto, wakubwa, majirani, mifugo, shamba, na yeye anakuuliza vivyo hivyo. Hakuna anayeharakisha. Na mtu mwenye shida hawezi kuitaja kabla salamu haijaisha, kwa sababu itaonekana amekuja kwa ajili ya shida yake na si kwa ajili yako. Wageni wengi hutucheka. Huyu hakucheka. Alikuwa amejifunza, na alijifunza vizuri, mpaka pale pa kuinamisha kichwa.

Nami nilimwacha ameinama. Sikunyanyuka, sikumpa mkono. Nilimkata kwa Kiswahili, nikamwambia, "Nzuri. Sema shida yako."

Alibaki vile vile kwa muda, viganja vimekutana. Kisha akajinyoosha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba skrubu nne. Nilimwonyesha kopo kwa mguu. Ndiyo, kwa mguu. Ni kopo la maziwa ya unga ambamo natupia skrubu za kila aina. Wakati ule nyingi nilikuwa nimezifungua kwenye kaunta ya duka bovu lililovunjwa jirani. Alichuchumaa akachagua. Sikumuuliza ni za nini. Akaokota kifurushi chake, akasema, "Ahsante, shemeji." Nikamjibu kwamba mimi si shemeji yake, nikaendelea na klachi.

Jumamosi dada akaja, na pikipiki inang'aa ubavuni. Kava mbili, kulia na kushoto, zimesuguliwa mpaka unajiona pua. Dada alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tukiwa wadogo. Skrubu za yule bwana zilikuwa zimeshanitoka akilini. Wanaoniomba skrubu ni wengi, na hata vichwa vya hizi zilizofunga kava vilikuwa vya rangi ya fedha, vinafanana na bati lenyewe. Nilichoona mimi ni duka la Kibondo limehamia kwenye pikipiki niliyoilea kwa mikono yangu.

"Sitaigusa hii mpaka hayo mabati yatoke," nikamwambia.

Tabasamu likaisha. Dada naye ni wa damu moja na mimi, ila hasira zake hazipigi kelele.

"Basi usiiguse," akasema, akaipiga kiki akaondoka.

Na sikuigusa. Juni ikapita, Julai ikapita, kiangazi kikakaza mpaka majani ya pembeni mwa barabara yakawa mekundu yote. Dada alikuja mjini kama kawaida, aliniletea maharage, alisalimia wanangu, lakini pikipiki aliiegesha ng'ambo, mbele ya kibanda cha kuchaji simu. Mimi namsikia anapokuja kabla sijamwona. Mwanzoni mlio ulikuwa ule ule. Baadaye ukaanza kukwaruza. Baadaye ukawa mzito, na nyuma ikawa inatoa moshi wa bluu kidogo, moshi wa injini inayokula oili yake. Fundi yeyote wa wiki mbili angejua. Nilisikia, nikaona, nikanyamaza. Tena nitaandika yote: nilifurahi. Nilijiambia acha mabati yamtengenezee.

Pikipiki ilikufa Agosti kwenye mlima, kabla ya kufika Kitanga, siku ya chanjo. Nilisimuliwa na dereva wa lori la mahindi aliyempita. Dada aliisukuma peke yake, boksi la dawa limefungwa nyuma, jua linapanda. Kila alipokutana na mtu aliomba msaada wa kusukuma, na alipofika barafu ilikuwa imeshakuwa maji ya uvuguvugu. Wanawake walikuwa wamesubiri na matenga yao tangu alfajiri. Wengine walishawafungulia kuku kwa kuwahurumia kiu. Angeweza kuwawekea matone yale hivyo hivyo, hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Aliwaambia dawa imeharibika, akaimwaga chini mbele yao, akaomba radhi, akaiacha pikipiki kwenye banda la mwalimu mmoja na kurudi mjini juu ya magunia ya lori lile.

Nikasubiri aje aniombe. Naye akasubiri niende nimwulize. Wiki mbili. Watu wawili waliokula sahani moja utoto wao wote, nyumba zetu zinatenganishwa na mwendo wa dakika kumi, na pikipiki imelala Kitanga. Dawa nyingine aliagiza lakini haikuwahi. Kabla haijafika, kideri kiliingia.

Habari hiyo haikuletwa na dada. Siku ya soko mwanamke mmoja wa Kitanga alikuja karakana, mama wa makamo, amejitwika tenga. Alinisalimia salamu nzima, kwa adabu zote, nami nikaitika. Ilipoisha akalitua tenga mbele ya miguu yangu. Lilikuwa tupu, manyoya machache yamenasa kwenye fito.

"Humu walikaa kuku kumi na mmoja wakimsubiri dada yako," akasema. "Wewe ndiye fundi wake. Lichukue, mimi sina tena cha kuweka."

Akaenda zake sokoni. Mama wa chai alijifanya hajasikia.

Hasira zilizonipanda siku ile sijui niziandikeje. Na zote, kila chembe, nilizipeleka Kibondo. Nilimpigia yule bwana simu nikamwambia kesho aje Kasulu aone kazi ya mikono yake. Jioni hiyo hiyo nilikwenda Kitanga na gari la kukodi nikaileta pikipiki. Kesho yake, baada ya mchana kugeuka, bwana alishuka kwenye basi, amevaa kanzu yake safi, na dada akaja akasimama upande wa pili mikono imefungwa kifuani. Waendesha pikipiki wa kijiweni walijaa. Sikuwafukuza. Nilitaka wawepo.

Nilianza kusema kabla sijashika bisibisi. Nilisema juu ya watu wanaouza mabati kwa wenye kazi. Nilisema juu ya wageni wanaokuja kuvuruga nyumba za watu. Nilimwambia kuna wanawake Kitanga ambao hawana kuku leo kwa sababu yeye alitaka kung'arisha. Alisikiliza, ameinamisha macho. Ukimya wake ulinizidishia.

Kava ya kulia, upande wa boksi la hewa, ilitakiwa kuwa na skrubu mbili. Ilikuwa na moja. Nyingine ilishadondoka njiani kwa mtikisiko, na bati lilikuwa limeng'ang'ania kwa ile iliyobaki. Nikalisogeza, na hapo nikaiona sababu yote. Skrubu ilikuwa ndefu. Haikuishia kwenye kishikio, ilikuwa imepita mpaka ndani ya boksi, tena upande wa nyuma ya sponji, kule ambako hewa imeshasafishwa. Tundu la ile iliyodondoka lilikuwa limetanuka kiasi cha kuingiza penseli. Miezi miwili injini ilikuwa inavuta vumbi la Kitanga bila kizuizi. Nikaingiza kidole kwenye bomba la kabureta, kikatoka chekundu. Hata mtu anayetazama kwa sekunde moja tu wakati wa kufua sponji angeliona lile tundu.

Nikaifungua skrubu iliyobaki, nikainyanyua juu ili kijiwe kizima kione.

"Tazameni urefu wake," nikasema. "Huyu ndiye mwuza vifaa."

Bisibisi ilikuwa imekwaruza kichwa cha skrubu wakati wa kuifungua. Rangi ya fedha ilikuwa imebanduka. Ilikuwa rangi ya kupaka tu, iliyopakwa kwa brashi ndogo ili ifanane na kava. Chini yake palikuwa na bluu.

Niliijua ile bluu. Ilikuwa bluu ya kaunta ya duka lililovunjwa. Sikuhitaji kugeuka nitazame kopo la maziwa, lakini niligeuka, na zilikuwemo nyingine, zimejaa, bluu zote, ndefu zote, skrubu za kufungia mbao.

Kijiwe hakikuelewa nimenyamazia nini. Yule bwana alielewa. Alikuwa anajua tangu dakika ya kwanza, tangu nilipoanza kumtukana mbele za watu, na hakusema.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza. Sauti ilitoka mbaya, kama bado namgombeza.

"Siku ile nilikuja nikuombe uzifunge wewe," akasema. "Pikipiki ni ya dada yako, lakini anayeilea ni wewe, nikaona si heshima nizifunge bila mkono wako. Ila nimefundishwa kwamba huku mtu hasemi shida yake kabla salamu haijaisha. Ukaniuliza shida bado nimeinama. Nikaona aibu, nikaomba skrubu."

Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Nilitamani anipige hata kofi, tupigane, tumalize. Hasira zangu sasa hazikuwa na mahali pa kwenda. Kifurushi cha gazeti. Alikibeba kutoka Kibondo mpaka miguuni pangu, nami nikamwonyesha kopo kwa mguu.

Dada akaifungua mikono yake kifuani.

"Msalimie," akaniambia.

Mikono yangu ilikuwa na oili na vumbi jekundu. Niliipangusa kwenye suruali, haikutakata. Nikainama mbele ya kijiwe chote, nikapiga makofi, nikaanza. Kwa kuwa ilikuwa alasiri nilianza na "Mwidiwe." Nikamshika mikono. Nikamwuliza alivyoshinda, nikamwuliza watoto wake wa marehemu mkewe, majina yao siyajui, nikamwuliza majirani zake, duka, safari, mama yake huko Tanga. Hakunipunguzia hata moja. Alijibu zote, kisha naye akaniuliza zote, mke wangu, wanangu, kazi, na alipofika kwenye kuku, akaruka. Salamu ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa maishani mwangu, na nilikuwa natokwa jasho.

Ilipoisha, akaziokota kava zote mbili chini, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanzu yake nyeupe.

"Sasa nina shida," akasema. "Nimekuja kukuomba unifungie kava hizi kwenye pikipiki ya dada yako."

Injini ilinichukua siku nne. Silinda nilipeleka kuchongwa, pistoni na ringi vikaja vipya, boksi la hewa nikabadilisha. Kava nilizifunga mwisho, kwa skrubu fupi, kwenye kishikio cha chuma, mbali kabisa na boksi. Bado nazichukia. Ningekuwa mtu mwingine ningeandika kwamba siku hiyo niliziona zinapendeza. Ni mabati. Nilizifunga nikiwa nimeuma meno, na zile skrubu za bluu nilizimwaga zote kwenye shimo la choo ili nisizione. Tenga bado liko ukutani karakana. Wateja wakiuliza nawaambia si la kuuza.

Chanjo iliyofuata dada aliondoka alfajiri na kufika Kitanga mapema, kama zamani. Jumamosi alikuja, akaegesha pikipiki mlangoni kwangu, siyo ng'ambo. Nikafungua boksi, nikatoa sponji, nikaanza kulifua. Nikamwuliza bila kumtazama, safari hii walikuja wangapi.

"Waliobaki na kuku," akasema.

Nikaendelea kufua. Petroli ilikuwa inatoka nyekundu, nikamimina nyingine, nikafua tena.